Ditram, Kuhusu Hiyo Kazi ya Tatu

Mwanangu Ditram,

Leo Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, meneja wako wa Dodoma amethibitisha kwamba kazi yako ipo. Chanzo cha habari hii ni wewe mwenyewe, ukiwa umesimama mlangoni mwa jiko, simu ingali mkononi. Masharti ni mawili: Jumatatu saa mbili asubuhi uwe ofisini kwao kwa miguu yako, si kwenye kioo cha kompyuta, na uwe na mwajiri mmoja tu.

Baba yako aliuliza, "Amesema amekusamehe?"

Ukajibu, "Hakutumia neno hilo, baba. Amesema njoo."

Shangazi yako Oresta akapiga kigelegele hata hivyo, kuku wakatawanyika.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Wewe unafunga mizigo, mimi nimekaa barazani na karatasi. Mambo ya blanketi, ya kukaa dirishani, ya usipa uliokaushwa, dagaa wa ziwa letu, na jinsi ya kuufunga usiwanukie abiria wenzako, hayo atakuambia baba yako. Ameandika orodha na ameipigia mstari. Mimi nina jambo moja, na nimelichelewesha siku mbili.

Juzi tulipokuwa tunachambua maharage uliniuliza, "Mama, hii ya tatu, nani atajua?" Nikasema nakwenda kuangalia moto. Moto ulikuwa haujawashwa. Uliona, ukaendelea kuchambua. Hili ndilo jibu langu, na ni refu kuliko swali.

Nianze na ninachokijua kwa hakika. Kwa mwaka mzima na zaidi umekuwa mwajiriwa wa kutwa wa kampuni tatu, zote kwa mtandao, zote kutoka chumba kile kile chenye dirisha la kuangalia mibuni. Dodoma unawasaidia wenye maduka wanaokwama na mfumo wa mauzo. Nairobi ulikuwa unawajibu wateja waliopotelewa na vifurushi. Na wale wa ng'ambo wanakupa majibu yaliyoandikwa na mashine, wewe unasema lipi limekosea na wapi. Kila mmoja aliamini kwamba saa zako nane ni zake. Dodoma na Nairobi sasa wanajua ukweli. Wa ng'ambo hawajui, na kesho saa nne asubuhi wamekuita kwenye kikao cha kukupandisha uwe msimamizi.

Mimi nilijua tangu mwezi wa pili wa kazi hizo. Hukuniambia, na sikuhitaji kuambiwa. Ukuta wa chumba chako ni wa tofali moja. Kila asubuhi nilikusikia ukisalimia kwa Kiingereza mara tatu, na kila mara kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Siku moja ulicheka mzaha wa Nairobi huku ukiwapa pole watu wa Dodoma waliofiwa. Ulitoka nje umeloa jasho, ukaniambia ni joto. Ilikuwa Julai, Mbinga, na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Nilijua na nikakaa kimya. Ningekuuliza, ungenijibu, kisha ungeniuliza nilijuaje. Hapo ingenibidi nikuambie habari zangu. Hilo ni kosa la kwanza ninalolikiri hapa, na ni la mwaka jana tu. Makubwa zaidi yanakuja.

Lakini kwanza siku ya shangazi. Mimi sikuwepo, nilikuwa Ngaka nikiandika habari ya malori ya makaa ya mawe. Nimewahoji watu wanne kila mmoja peke yake, na wote wanakubaliana katika mambo makuu, kwa hiyo naiandika kama habari iliyothibitishwa. Siku utakapokuwa na watoto utaihitaji, na wewe mwenyewe utaisimulia vibaya kwa aibu.

Ilikuwa ngokela, kazi ya kusaidiana shambani, kwa bibi yako. Kila nyumba ya ukoo ilileta mkono mmoja kulima ngolu, yale mashimo yetu ya mlimani yanayoshika maji ya mvua, na bibi alikuwa amepika. Huwezi kukosa ngokela ya bibi yako mzaa baba. Umeme ulikuwa umekatika mjini na mtandao wa kilima kile ni mzuri kuliko wa nyumbani, basi ukaenda na jembe, kompyuta na simu mbili. Ukaweka kompyuta juu ya gunia la mbegu. Meneja wa Dodoma akatokea kwenye kioo.

"Ditram, uko wapi leo? Mbona nyuma yako kijani kitupu?"

"Shambani kwa bibi, dada. Umeme umekatika."

Shangazi yako alikuwa hatua tatu kutoka hapo, matope hadi magotini. Akainama mbele ya kamera. "Huyu ndiye bosi? Mbona mtoto hivi!"

"Shikamoo mama," akasema meneja.

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana wetu anawafaa?"

"Anatufaa sana, mama."

"Lazima awafae! Kazi tatu huyu! Ninyi hapo, na Nairobi, na wale wazungu. Na hapa tumempa mstari wake wa kulima na hajalalamika. Niambie, huko Dodoma mnaye kama huyu?"

Wanawake wa mstari wa juu wakapiga vigelegele. Wakati huo simu yako ya pili ilikuwa inaita jina lako kutoka ndani ya kitenge ulichoiviringishia. Ilikuwa Nairobi, kikao cha saa ile ile. Ungeweza kuiwahi, lakini ulikuwa umeganda. Shangazi hakuganda. Akaichukua, akaielekeza kwenye kompyuta, kioo kwa kioo, akasema, "Haya, salimianeni. Mnalea mtoto mmoja na hamjuani!"

Wakasalimiana. Mashahidi wote wanne wanasisitiza hilo. Yule wa Nairobi aliuliza hali ya hewa ya Dodoma.

Naambiwa ulifunga kompyuta, ukashika jembe na kulima mpaka jua lilipozama. Bibi yako anasema mashimo uliyochimba siku ile ndiyo yaliyonyooka kuliko yote mlimani. Nairobi walikuachisha jioni ile ile kwa ujumbe wa mistari minne. Dodoma walikaa kimya wiki mbili, mpaka leo mchana.

Nilimuuliza Oresta kwa nini alisema. Alinishangaa. "Wifi, nilikuwa namsifia! Mtu wa kazi tatu anafichwa?" Na kwa hapa kwetu, swali lake ni la haki. Baba yako ana kahawa, ana maharage, ana nguruwe, ana cherehani. Mzee wa duka la mkabala anauza saruji asubuhi na kusomesha madrasa alasiri. Hakuna anayewaita wezi. Ila kahawa ya baba yako haijawahi kumpigia simu kumuuliza kama wako wawili tu. Hajawahi kuiahidi hivyo. Wewe uliahidi, mara tatu, kwa sahihi.

Nami niliahidi mara mbili. Sasa nakuja kwenye habari yangu.

Umekua ukisikia watu sokoni wakiniita Mgeni Rasmi. Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza sababu, nikakuambia ni kwa kuwa waandishi hukaa viti vya mbele. Si kweli. Naomba hilo lifutwe kwenye kumbukumbu zako na mahali pake pawekwe haya yafuatayo.

Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa naandikia gazeti moja ambalo mkataba wake ulisema nisiandikie jingine. Nilikuwa naandikia jingine, lenye sharti lile lile. La kwanza lilinijua kwa jina la ndoa, la pili kwa jina la kwetu Liuli. Nilikuwa mzuri katika hilo, kama wewe. Tukio moja nililiandika mara mbili, mara moja nikianza na mkuu wa wilaya, mara nyingine nikianza na mwananchi, na hakuna mhariri aliyeshuku. Nilijiona mjanja, na kwa kweli nilikuwa mjanja. Sitakudanganya kwamba ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Miezi ya kwanza nilikuwa naimba njiani.

Kisha yakaja matukio mawili siku moja. Kijiji kimoja cha huku milimani kilikuwa kinazindua mtambo wa kumenya kahawa, na gazeti la kwanza lilitaka habari hiyo. Liuli kulikuwa na mashindano ya kwaya, na gazeti la pili lilitaka hiyo. Baina ya milima na ziwa, kwa barabara ya wakati ule na mvua za mwisho, ni kutwa nzima. Nikachagua ziwa, maana kuna mama yangu na kuna samaki aina ya mbasa wa kuchoma. Ule uzinduzi nikauandika siku moja kabla. Ratiba nilikuwa nayo. Hotuba ya mgeni rasmi nilikuwa nayo, ilikuwa imeshachapwa. Kila mwandishi wa mkoani anajua kwamba mgeni rasmi husoma alichoandikiwa na wananchi hupiga makofi. Nikaandika kwamba alisoma, nikaandika kwamba walipiga makofi. Niliongeza hata jua kali.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Gari la mgeni rasmi lilizama kwenye tope kabla ya daraja, likavutwa kwa kamba, likageuza. Hakufika. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa, kwa hiyo wanakijiji wakala, wakacheza ngoma, wakawasha mtambo wenyewe. Ndiyo ilikuwa habari, Ditram. Watu waliojizindulia mtambo wao kwenye mvua. Ni habari nzuri kuliko zote nilizopata kupewa na wilaya hii, na sikuwepo. Nilikuwa kilomita nyingi kutoka hapo, nikila samaki chini ya jina la pili.

Gazeti lilifika na basi siku mbili baadaye. Mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kijiji kile, mzee Hyera, alinikuta sokoni penye mafungu ya nyanya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Ditram. Tumesoma hotuba ya mgeni rasmi. Nzuri sana."

"Asante mzee."

"Hasa pale alipotutaka tuchume zilizoiva tu. Na yale makofi."

"Ndiyo mzee."

"Ila tumekuwa tukiulizana, alikaa wapi? Maana kiti chake alikikalia mke wangu, na sahani yake akaila yeye."

Wauza nyanya walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo. Laiti ningecheka nao, ingekwisha hapo. Lakini jioni mhariri alipiga simu, ameshaambiwa na mtu. Akaniuliza kama nilikuwepo. Nikasema sikuwepo, barabara ilikuwa mbaya, ila mwenyekiti wa ushirika ndiye aliyenipa taarifa kwa simu. Nilisema hivyo bila kusita hata kidogo. Nilikuwa nimezoea kuwa na jibu.

Mhariri akampigia mzee Hyera. Na mzee Hyera, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliyekuwa hajapata kusema uongo kwenye chama kile hata kwa mzani, akamwambia, "Ndiyo, ni mimi nilimwambia. Nilikosea."

Alikuja nyumbani siku iliyofuata, kwa miguu. Alikataa kukaa. "Nimekubebea mara moja, mama Ditram," akasema. "Usinipe tena mzigo huo. Sikulala."

Hilo ndilo kosa ambalo nimelizunguka miaka yote hii. Magazeti mawili, majina mawili, hayo nayacheka. Ya mzee Hyera siyacheki. Nilidhani nimejigawa mimi mwenyewe tu, na kwamba kama kuna hasara ni yangu. Kumbe kila siri yangu ilikuwa inatafuta mtu mwingine wa kuishikilia, na siku moja ikampata aliye mwema.

Kuna jingine, dogo, ambalo huenda unalikumbuka. Wakati ule tulipokuwa mezani ulikuwa na desturi ya kuniuliza, "Mama, leo ulienda wapi?" Ni swali rahisi kuliko yote ambayo mwandishi huuliza. Nami nilikuwa natulia kwanza nitafute jibu: leo nilikuwa nani, na nani anaweza kusikia. Nilirudi kutoka Liuli na habari za kwaya za kunitosha kuwasimulia mwezi mzima, kuna wazee wa besi waliogombana jukwaani na kuendelea kuimba, na sikuwasimulia hata kidogo, kwa sababu rasmi nilikuwa kwenye mtambo wa kahawa. Kazi ile ilinipa vitu, ikaninyima kuvisimulia. Kwa mtu wa aina yangu, hiyo ni njaa.

Nadhani na wewe ni mtu wa aina yangu. Kwa mwaka mzima ulikula kimya. Tangu ile ngokela, tangu siri ivunjike, umetusimulia juu ya yule mwenye duka wa Kondoa aliyeuza jogoo mmoja mara kumi na moja kwenye mfumo, na yule mteja wa Nairobi aliyedai kifurushi akiwa amekikalia. Baba yako alicheka akalazimika kutoka nje. Ulikuwa umetuwekea yote hayo, na tulikuwa hatujui.

Nilimaliza hivi. Nilimpigia mhariri nikamwambia ukweli wote, pamoja na jina la pili. Nikaliandikia la pili pia. La kwanza lilinisimamisha miezi mitatu, la pili lilinifuta. Kwa miezi hiyo niliuza usipa wa Liuli hapa Mbinga. Ulikaa chini ya meza yangu ukipanga mafungu, na uliyapanga makubwa mno, wateja walikupenda. Masahihisho yalitoka ukurasa wa ndani, chini kabisa, sentensi nne. Nikayakata, nikapanda mpaka kijijini siku ya mkutano wa ushirika, nikaomba nafasi, nikayasoma kwa sauti mbele ya watu wote, jina la mzee Hyera likiwa limesafishwa.

Mke wa mzee akasimama akasema, "Leo angalau mgeni rasmi amefika." Wakapiga makofi ya kweli, yale ambayo nilikuwa nimeyabuni. Nikapewa kiti, nikapewa sahani, na jina likanishika mpaka leo. Nimeitwa hivyo mbele ya mawaziri wawili na askofu mmoja. Sijawahi kuomba waache.

Basi kuhusu hiyo ya tatu. Uliuliza nani atajua. Sijui. Inawezekana kabisa asijue mtu. Wako mbali, hawana shangazi. Nakuambia tu ninachokijua kwa kuishi nacho: utakuwa na meza Dodoma, kati ya watu waliokuona ukikosea wakakuambia njoo, na simu itatikisika mfukoni, na utatoka ukumbini kuijibu, na siku moja mwenzako mmoja mwema ataulizwa, "Ditram yuko wapi?" Naye atajibu kitu. Sitaki kukuchagulia. Una miaka ishirini na mitano, na kwa mwaka mmoja umefanya kazi kuliko wengi wetu kwa mitatu. Jambo hilo, nalisema kama mama na kama mwandishi, lilinipa fahari hata nilipokuwa nalihofia. Oresta hakukosea chote.

Naongeza hapa chini kwa sababu habari imebadilika nikiwa naandika.

Saa kumi na mbili kasoro robo umetoka chumbani na tiketi mkononi, ukamwendea baba yako aliyekuwa anakaza kamba ya begi. Nimeandika maneno kama yalivyosemwa.

"Baba, kesho saa nne basi litakuwa limeshapita Songea, kule milimani mtandao unakatika. Nina kikao na wale wa ng'ambo."

"Kikao cha kupandishwa?"

"Wao wanadhani hivyo. Mimi nataka kuwaambia, na sitaki sauti ikatike katikati."

Baba yako aliacha kamba. "Sasa?"

"Nimempigia wakala wa basi. Nashuka Songea, naongea, napanda la saa sita."

"Utalala wapi?"

"Njombe."

"Baridi!" akasema baba yako, akaenda kuongeza blanketi kwenye orodha yake, na nilimsikia akipiga mluzi ndani. Oresta, aliyekuwa langoni, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama na hao nao wangependa kusalimiwa. Ukamwambia, "Shangazi, tafadhali." Umecheka lakini. Nimeona.

Kwa hiyo ratiba, kama ilivyo hadi ninapoweka kalamu chini, ni hii. Basi linaondoka stendi ya Mbinga kesho Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, na mimi na baba yako tutakuwepo. Utashuka Songea kabla ya saa tatu. Kikao ni saa nne kamili. Basi la pili ni saa sita mchana, Njombe jioni, Dodoma Jumamosi. Jumatatu saa mbili asubuhi unaripoti kazini, na Jumatatu saa moja usiku, tukiwa mezani, nitakupigia nikuulize ulienda wapi.

Mama yako.